Asije Mtu Mikono Mitupu

Lundo, Nyasa
3 Machi 2024

Kwako Shangazi Hildegardi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi mlangoni kwako hapo Litembo ukimfokea yule kuku wako mkaidi. Huku ziwani tunapumua. Watoto wanasoma, na yule mkubwa amenipita urefu, siku hizi ananitazama kama vile mimi ndiye mtoto. Baba yao bado yuko Mbamba Bay na kazi yake ya mbao. Huja Jumamosi amechoka, akaondoka Jumatatu amechoka zaidi.

Cuthbert wa Baba Mkubwa Kilian alipopita hapa aliniambia kwamba ile simu niliyokununulia imeharibika. Pole. Najua masikio yamegoma na ulikuwa unasoma meseji tu, lakini ilitusaidia. Basi turudi kwenye barua kama nilipokuwa bwenini. Nitakuwa nampa kondakta wa basi la Mbinga, naye atamkabidhi Protasi wa bodaboda akuletee hapo juu.

Sasa jambo lenyewe. Unakijua kituo chetu cha Jembe na Wavu. Nimekiongoza tangu kikiwa kibanda cha nyasi. Wafadhili wametoa sharti jipya: kuanzia mwakani, kituo chochote cha kupambana na umaskini ambacho meneja wake hana cheti cha taaluma hakitapata fedha. Sisemi vyeti vya kuhudhuria semina, hivyo ninavyo vya kupamba ukuta mzima. Hiki kina mtihani wa kuandika, halafu watathmini wanakuja kukutazama ukiwa kazini, halafu unahojiwa na jopo Songea. Nisipokipata, kituo kinafungwa. Uji wa watoto wadogo, mashamba ya muhogo ya vikundi, vichanja vya kukaushia dagaa wetu wa usipa, vyote vinakufa mikononi mwangu.

Shangazi, mimi nina kidato cha nne. Wenzangu kwenye kozi wana digrii, wanasema "ushirikishwaji jumuishi" bila kumeza mate. Naogopa kuliko nilivyoogopa uchungu wa mtoto wa kwanza. Na kinachonitisha zaidi ni ule utathmini, maana wanataka kuona nawakutanishaje watu maskini mpaka waseme wenyewe. Kwenye vikao vyangu watu wanakaa kimya kama wapo msibani, wanangoja soda. Wewe ulikuwa katekista miaka yote hiyo, ukiwafanya hata wazee wabishi waseme. Nifanyeje?

Usipa nitakutumia jua likitulia.

Ni mimi mwanao ninayekutegemea,
Lusia

*

Litembo
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Lusia, mwana wa kaka yangu,

Milele amina, na marahaba. Mimi sijambo. Kuku unayemtaja hayupo tena, kwa hiyo namfokea Protasi, naye kwa bahati nzuri anadhani sisomi midomo yake akinijibu. Mvua ni nyingi, migomba imelala. Kaka Kilian anakusalimu na kusema umekuwa mtu wa samaki, umesahau mlima.

Mwaka huu shamba langu nimelipumzisha. Tangu nilipoteleza mteremkoni bega halitaki jembe, na kuchimba mashimo ya ngolo si kazi ya kumwomba mtu mwezi huu, kila mmoja yumo mashimoni kwake. Mibuni nayo nimeikata ichipue upya. Ardhi nayo ina sabato yake. Usiniandikie mambo ya shamba, tuongee ya kwako.

Umesahau sengu? Kila Jumapili baada ya misa ukoo mzima tuko kwa kaka Kilian. Kila nyumba imebeba chakula chake, tunakiweka pamoja, tunakula, ndipo maneno yanaanza. Zamani yalikuwa mambo ya wanaume, lakini siku hizi hata sisi wajane tuna mkeka wetu, na tunasema kuliko wao. Soda unayonunuliwa inakufanya mgeni. Chakula ulichokibeba mwenyewe kinakufanya mwenyeji. Wapelekee sengu hao watu wako wa ziwani, utaona kama watanyamaza.

Ila shika sharti lake: asije mtu mikono mitupu. Hata viazi viwili vinatosha. Mikono mitupu inaleta haya, na mwenye haya hasemi. Sharti hilo usilegeze hata kidogo, maana ukilegeza utapata watu wa kula tu.

Nakutumia maharage. Ni ya mbegu, lakini shamba likiwa limepumzika mbegu itafanya nini ndani? Wapikie wageni wako. Na hao wenye digrii usiwaogope, nao walizaliwa bila nguo.

Nakuombea kwa sauti, maana mwenyewe sijisikii,
Shangazi yako Hildegardi

*

Lundo
19 Mei 2024, Pentekoste

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pentekoste. Watoto wazima. Baba yao ameumia kidole kwa msumeno lakini kipo, hajakipoteza.

Nina furaha na hofu kwa pamoja. Mtihani wa kuandika nimepita kwa kuponea chupuchupu. Niliposoma jina langu nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kisha sengu yako! Ungeona, Shangazi. Wanawake wanakuja na mihogo, usipa, mboga za majani, mmoja alileta samaki mbasa mzima. Tunakula, halafu siwezi hata kuwanyamazisha. Wamesema mambo ya mitaro, ya waume zao, ya bei ya nyavu. Maharage yako yalisifiwa mpaka kesho yake. Sharti nimelishika kama ulivyosema, na mwenyekiti wa kikundi analisimamia mlangoni. Watathmini wanakuja mwezi wa saba na sasa nina kitu cha kuwaonyesha.

Dosari ni moja tu. Kuna mjane anaitwa Emiliana, anakaa kule karibu na mto. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwandikisha kituoni, na alikuwa anakaa mbele kabisa. Tangu tuanze sengu alikuja mara chache, kisha akaacha. Nikituma mtu anajibu ana kazi. Kazi gani, naye hana shamba wala mtumbwi? Mwenyekiti anasema ni kiburi na kukosa shukrani. Nami nimeona nisipoteze muda, kwa sababu mficha uchi hazai.

Usipa niliokuwekea nimewapa wageni wa wilaya waliokuja ghafla. Usinune, mwingine unakauka. Je, wewe mambo yote sawa? Barua zako hazisemi.

Akupendaye ingawa hana nafasi,
Lusia

*

Litembo
30 Juni 2024

Lusia mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa mtihani, nilimwonyesha Padre barua yako naye akacheka hapo pa kukaa vumbini. Baridi ya mwaka huu inang'ata. Watu wanavuna maharage na mlima mzima unanukia majani makavu.

Usihangaike na usipa. Mimi mambo yangu sawa. Kwa kaka Kilian siku hizi siendi, kwani mtu asiyesikia kwenye sengu ni kama jiwe lililowekwa mkekani. Wanasema, wanacheka, nami nacheka nikiwa nimechelewa. Nakaa nyumbani nasali rozari. Nimezoea.

Juu ya huyo Emiliana. Usimwite mtu hana shukrani kabla hujajua anashukuru nini. Hilo tu. Na ule msemo wa mficha uchi uwekee akiba, kuna siku utakurudia.

Karatasi imekwisha, na mkono umechoka.
Hildegardi

*

Lundo
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sitakuandikia habari za watoto, wako hai, tosha.

Nimeshindwa. Watathmini walikuja. Kiongozi wao ni Bwana Masoudi, mtu mzima, mpole, familia yake ina maduka Songea tangu babu zake walipotoka pwani. Alikula na sisi, akasikiliza, akacheka na wanawake. Mimi tayari nilikuwa nimeshajiona na cheti mkononi. Mwisho akanyanyuka, akanawa mikono, akaniambia:

"Bi Lusia, hongera. Hawa nimewaona. Sasa nionyeshe ambaye hayupo."

"Wote wapo, Bwana Masoudi."

"Hakuna aliyekuwa anakuja na sasa haji?"

Nikamtaja Emiliana, na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba ni mtu wa kiburi. Akasema twende kumsalimia.

Tulimkuta ameketi jikoni kwake nje, chungu kiko motoni. Akatukaribisha vizuri sana, akasema, "Ketini, nimepika, ila bado hakijaiva." Tukaketi. Tukazungumza habari za mvua na ziwa. Akawa anachochea kuni, anafunika, anafunua kidogo, anafunika. Hakikuiva. Baadaye Bwana Masoudi akaaga. Tulipofika njiani akaniuliza kama nimesikia harufu ya chochote. Ndipo nikagundua kwamba hapakuwa na harufu yoyote, Shangazi. Yalikuwa maji matupu.

Wameandika kwamba kituo changu kimewafukuza walio maskini kuliko wote, na mimi sikujua. Wengine waliogopa sharti, nao hawaji, nimeanza kuwahesabu sasa. Wamenipa nafasi moja ya mwisho. Mwezi wa kumi na moja nitakaa mbele ya jopo Songea nieleze kwa nini mtu mwenye njaa anakikimbia chakula, na nitabadilisha nini. Nisipoweza, basi.

Kesho yake nilimpelekea Emiliana gunia la mahindi kwenye pikipiki, mchana kweupe, nikiwa na mwenyekiti na wanakikundi ili tumwombe radhi. Alitutazama dirishani, akafunga mlango. Gunia tuliliacha kizingitini. Mbuzi wa jirani walilila, naye akawa anawaangalia.

Siielewi hali hii. Hakuwa na cha kuleta, hapo nimefika. Lakini sisi si wenzake? Tungemnyima? Angesema neno moja tu! Wewe umekulia kwenye sengu, umeona watu wa kila aina. Nieleze jinsi mtu anavyofika mahali pale. Vitabu vya kozi vina michoro ya mishale tu. Nakusihi.

Lusia

*

Lundo
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimengoja jibu lako mpaka kondakta ananionea huruma. Je, barua yangu ya Agosti ilifika? Protasi anasema alikukabidhi mkononi, na kwamba ulimpokea ukiwa umeketi. Je, nimekuudhi? Kama ni kwa sababu ya usipa, kweli nimekosa, nitautuma, upo umefungwa tayari kwenye mfuko lakini kila siku naingiwa na jambo.

Mwenyekiti ameanza kusema heri wamlete kijana mwenye digrii. Watu wa uji wananiuliza kama mwakani kutakuwa na uji, nami nawaambia upo. Nikiketi niandike utetezi wangu napata mstari mmoja, nao ni uongo.

Hata ukinitukana, andika.
Lusia

*

Litembo
20 Oktoba 2024

Lusia,

Marahaba mwanangu. Barua ilifika. Nilikuwa nafikiri nikujibu nini, na jibu lingine halitaki kutoka kama mwiba ulioingia siku nyingi. Huku jua ni kali, wote wanangoja mvua wapande mahindi. Kaka Kilian amepata mjukuu.

Umeniuliza mtu anafikaje pale. Sikiliza, nami sitarudia.

Hafiki kwa siku moja. Wiki ya kwanza anapeleka chakula kidogo, ila kwenye chungu kikubwa chenye kifuniko. Wiki nyingine anachelewa makusudi, afike vyakula vikiwa vimeshachanganywa ili asijulikane alichobeba. Halafu inakuja Jumapili ambayo hana hata hivyo viazi viwili. Anakaa kitandani amevaa nguo ya kanisani. Anajiambia, leo tu. Anatafuta sababu. Mmoja atasema ana kazi, mwingine atasema mguu, mwingine atasema chochote ambacho watu watakiamini bila kuuliza. Na watu wanaamini, ndilo jambo baya. Anawakasirikia kwa kutomuuliza, na wakimuuliza atawakasirikia zaidi.

Jioni wenzake wakiwasha moto, naye anawasha. Anatafuta kuni mbichi kidogo ili moshi uonekane vizuri. Anachemsha maji, anakoroga, ili mwiko usikike ukigonga chungu. Akitoka kwenda kanisani anajipaka mafuta midomoni aonekane katoka kula. Kazi hiyo inamchosha kuliko kulima. Na ukimwuliza kwa nini hakusema, atakushangaa, kwa sababu kile kinywa cha kusemea ndicho hicho anachokitunza kisionekane kikavu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Gunia lako lilikuwa kosa, tena kubwa. Ulimpelekea aibu yake kwenye pikipiki.

Mtu wa namna hiyo mwendee mikono mitupu. Peke yako. Umwombe maji ya kunywa. Maji anayo, atakupa. Akishakupa kitu ataweza kupokea kitu. Kabla ya hapo hawezi, hata ukimwekea karamu.

Na lile sharti livunje. Pikeni chungu kimoja hapo kituoni. Wa kuni alete kuni, wa maji achote maji, na asiye na nguvu ya hata hilo aje aonje chumvi aseme kama imekolea. Asimame mtu mlangoni kutazama mikono? Mwondoe.

Sasa nenda Songea ukaseme. Mvua ikianza njia ya huku itakuwa mbaya, usihangaike kuandika upesi.

Hildegardi

*

Lundo
1 Desemba 2024, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Shangazi wangu, Shangazi wangu wa dhahabu,

Shikamoo mara nyingi! Nimepita! Cheti nimekipata! Kituo kitabaki wazi! Nimepiga magoti hapa ofisini na watoto wananicheka.

Acha nikusimulie. Kabla ya Songea nilikwenda kwa Emiliana, peke yangu, mikono mitupu kama ulivyosema. Nikamwomba maji. Akanitazama muda mrefu, akaingia ndani, akaniletea kwenye kikombe ambacho nadhani ndicho pekee. Nikanywa yote. Akakaa. Akaanza kuzungumza, Shangazi, mpaka ng'ombe wakarudi. Siku ya pili alikuja kituoni kuonja chumvi. Alisema haijakolea, na ni kweli.

Songea jopo lilikuwa na watu watano na feni moja. Bwana Masoudi akaniuliza lile swali. Nikafunga makaratasi yangu, nikawaeleza yote uliyoyaandika, neno kwa neno: chungu kikubwa chenye kifuniko, nguo ya kanisani kitandani, kuni mbichi, mafuta ya midomo. Niliposema kinywa cha kusemea ndicho anachokitunza, mama mmoja wa jopo akavua miwani. Bwana Masoudi akasema hajawahi kusikia njaa ikielezwa hivyo na meneja, kwa kawaida wanamletea asilimia. Akaniuliza nimeyapata wapi. Nikasema kwa shangazi yangu wa Litembo, katekista mstaafu, aliyewaona watu wengi.

Hata mimi nikabaki najiuliza. Uliyajuaje yote hayo? Ni nani huyo uliyemwona hapo Litembo? Je, bado yu hai?

Vyeti vinakabidhiwa Songea tarehe ishirini Januari. Nataka uje ukae mstari wa mbele. Nitakuagizia gari mpaka mlangoni. Na usipa safari hii anakuja nao kondakta, naapa. (Baadaye: leo basi linaondoka mapema, sina muda wa kuufuata nyumbani. Kondakta ananisubiri barabarani, anachukua barua tu. Utakuja wiki ijayo.)

Meneja mwenye cheti,
Lusia wako

*

Litembo
12 Januari 2025

Lusia,

Marahaba. Hongera mwanangu. Nimesoma barua yako mara nyingi, mahali pa Emiliana kuonja chumvi nilicheka kwa sauti, nadhani, maana paka alishtuka.

Nimekaa nayo tangu kabla ya Noeli. Nilitaka nikuandikie kwamba alikuwa mama mmoja wa bondeni, na kwamba alishakufa zamani. Karatasi hiyo niliiandika. Nimeiwashia moto.

Ni mimi, Lusia.

Simu haikuharibika. Niliibadilisha kwa debe la mahindi mwezi wa pili mwaka jana. Kuku nilimla. Masikio hayakunizuia kwenda kwa kaka Kilian, nimekuwa kiziwi miaka mingi na nilikuwa nakwenda. Siku uliyoniuliza habari za watu kusema, nilikuwa bado na maharage. Ushauri ule wa asije mtu mikono mitupu niliutoa nikiwa na maharage ndani, na ni rahisi sana kuutoa ukiwa nayo. Nikakutumia, kwa kuwa sikutaka shangazi yako ajulikane kwamba ana yale tu. Halafu sharti langu likanigeukia mimi mwenyewe.

Kaka Kilian hana kosa. Anaona moshi wangu kila jioni.

Nilipokuandikia mwezi wa kumi nilikuwa nakuambia. Nilidhani utasoma ujue. Ukasoma, ukaenda kuwaeleza watu wa Songea. Nilikasirika, kisha nikaona si haki, mtu aliyejificha vizuri hana ruhusa ya kulaumu kwamba hakuonekana. Mficha uchi hazai, uliuwekea akiba? Sasa utumie.

Miguu imevimba na asubuhi kunyanyuka ni kazi. Protasi ananiletea kuni, anadhani ni za kupikia. Kwenye sherehe yako sitaweza kuja, na usitume gari, wala gunia. Nakuomba hilo. Sijui nakuomba nini zaidi. Nimeandika neno hili, nikalifuta, na sasa naliandika tena ili lisifutike: nina njaa.

Hildegardi

*

Stendi, Mbinga
19 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana jioni na alfajiri nikapanda basi. Nimelia njia nzima mpaka abiria wakachanga maneno ya kunipa pole, wakiuliza nimefiwa na nani. Nimewajibu bado. Nimewajibu hivyo kwa sauti, halafu nikaogopa nilichokisema.

Mvua imekata njia ya kupanda huko kwenu. Magari yamegoma. Protasi amekubali kutangulia na pikipiki na barua hii, mimi nitafuata kwa miguu na Cuthbert, niliyemkuta hapa stendi, kwa njia za mashambani. Protasi sijamwambia kitu. Anajua tu kwamba nakuja kukusalimia.

Kesho vyeti vinakabidhiwa. Jina langu litasomwa na Bwana Masoudi ataangaza macho ukumbini, halafu atauliza nani hayupo. Nimempigia simu nikamwambia ni mimi, na kwamba ule ushahidi wote nilioutoa mbele yake nilikuwa nimeusoma nisiuelewe. Kisha akasema nenda, mama, cheti hakiozi.

Ule mfuko wa usipa ulikuwa bado umening'inia nyuma ya mlango wangu, umefungwa tangu mwezi wa tisa. Nimeuacha hapo hapo. Sijabeba gunia. Sijabeba hata mkate. Nilipopita sokoni asubuhi hii mikono ilikuwa inaniuma kwa kutaka kununua, nikaiweka mifukoni. Nikija nitakaa kwako, mchana na usiku, na Jumapili ijayo tutakwenda wote kwa Baba Mkubwa Kilian bila chungu, mimi na wewe, na kama miguu haitaki Protasi atakupakia nami nitembee kando. Tutaketi mkekani mbele ya ukoo wote. Wakitazama mikono yetu, waitazame.

Nakuomba usiwashe moto jioni hii, Shangazi. Niwekee maji tu. Nakuja mikono mitupu, na nikifika nitakuomba maji ya kunywa.

Lusia